Mkasi wa Mwenyekiti

Jumapili, 3 Februari

Kasuku wangu,

Barua yako imefika. Dereva wa basi ameileta imekunjika kama leso ya mgonjwa wa mafua. Nimeisoma mwenyewe, na ukiongea na mama yako mwambie hivyo, asije akadhani nimesomewa. Shule niliacha darasa la tatu, lakini lilikuwa la tatu la wakati ule, si haya ya sasa ya kupaka picha rangi.

Mimi mzima. Magoti yana malalamiko yao, nimeyaambia yasubiri zamu.

Sasa hayo mambo ya nyumba yenu nimeyasoma mpaka nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Kwamba chuo kimekusanya wanafunzi wa nchi mbalimbali, kila mmoja na lugha yake na anavyomwita Mungu wake, kikawatia nyumba moja yenye jiko moja na sebule moja, kikasema: hapa hakuna sheria, tungeni wenyewe, kila Jumatano mkae kikao mzungumze, hivyo ndivyo mtakavyojifunza demokrasia. Na mwalimu anakaa pembeni, hasemi, anawapa alama kwa kuongea. Kama kuongea kuna alama, wewe ulistahili kuwa profesa kabla hujaota magego.

Halafu nikafika pale uliposema wamekuchagua mwenyekiti. Pale sikucheka. Nilisimama katikati ya karakana nikawaambia wanawake wote waache kukanyaga cherehani wanisikilize. Wamefurahi sana. Hakuna aliyesema neno, kwa furaha.

Basi sikiliza mtu aliyekikalia kiti. Kikundi chetu cha washonaji nakiongoza tangu mama yako ana mapengo ya utoto, na hatujagombana hata siku moja. Unajua kwa nini? Sizungukizungukii. Nalisema jambo. Nauliza, kuna mwenye neno? Navuta pumzi. Kama hakuna aliyefungua mdomo, nagonga meza kwa mkasi. Limepita, turudi kazini. Anayenyamaza amekubali. Asiyekubali ana mdomo, Mungu hakumnyima.

Ndiyo maana nakutumia mkasi wangu wa zamani. Makali umeshapoteza, lakini sauti unayo. Usiukatie karatasi, ni wa kugongea.

Na huyo mwenzako wa chumba, huyo wa ng'ambo unayesema ni mpole na maneno yake ya kuhesabika, mwambie Bibi anamsalimu. Mimi nitamwita Bi Kimya. Usimwambie hilo.

Usinipigie simu kwa mambo haya. Simu ni ya misiba na bei ya uzi.

Ni mimi bibi yako,
Mwenyekiti


Alhamisi, 21 Februari

Bibi yangu shikamoo,

Mkasi umefika na umeshafanya kazi. Mara ya kwanza nilipougonga, kijana mmoja alimwaga chai yake mapajani. Tangu hapo wananiheshimu.

Nikusimulie. Chumba chetu kimepakana na jiko. Mwenzangu wa chumba na watu wa kwao, wako sita kwa jumla, wanapika usiku. Yeye anatoka maabara anakoosha vyombo, mwingine anatoka maktaba, na kwao hakuna anayeanza kula mpaka wa mwisho afike. Basi wanasubiriana. Sufuria zinagongana, wanacheka, wanaimba kidogo kidogo. Mimi niko upande wa pili wa ukuta na kitabu changu, nasoma mstari mmoja mpaka unachakaa.

Jana nikalipeleka kikaoni kama ulivyonifundisha. Nikasema jiko lifungwe saa mbili usiku ili watu wasome. Nikauliza, kuna mwenye neno? Wa kwetu wakasema sawa. Wale sita walitazama meza. Nikavuta pumzi. Nikagonga. Chai haikupata hata nafasi ya kupoa.

Bibi, unaona? Nchi zote hizo, lugha zote hizo, na tumepitisha jambo bila hata mtu kupandisha sauti. Mwalimu aliandika kitu kirefu kwenye daftari lake.

Kitu kimoja tu. Mwenzangu huwa ananiwekea chakula, sahani moja juu na nyingine imeifunika, juu ya meza yangu. Jana hakuniwekea. Labda alisahau.

Pazia lako la maua limependeza dirishani. Kila anayeingia anauliza nimelinunua wapi.

Mjukuu wako,
Kasuku, Mwenyekiti mdogo


Jumamosi, 2 Machi

Kasuku,

Umeona? Mkasi haujui lugha, kila mtu anauelewa. Nimewasomea barua yako pale karakana. Mkata vitambaa akasema, "Mtoto amekurithi, Mama Mwenyekiti." Mwanamke wetu wa vifungo hakusema kitu, lakini yeye hasemagi, ameinamia vifungo vyake pale karibu na mlango kama kuku anayetafuta punje.

Habari ya sahani usiifanye msiba. Kwani mikono huna? Jipikie. Kabla ya saa mbili.

Nakutumia shimizi mbili na sabuni. Shimizi zote ni zako, usigawe, najua tabia yako.

Bibi yako,
Mwenyekiti


Alhamisi, 14 Machi

Bibi shikamoo,

Sijui nianzie wapi. Pazia lako limeungua.

Mwenzangu alinunua jiko dogo la umeme, la koili, akalificha nyuma ya kabati. Chuo kinakataza koili vyumbani, hiyo si sheria yetu, ni ya chuo kizima. Jumatatu mimi niko darasani, wao sita wamejibanza chumbani kwetu wanapika, pazia likashika. Walilizima kwa ndoo ya kufulia. Hakuna aliyeumia. Lakini ukuta umekuwa mweusi, na mlezi wa nyumba aliyewekwa na chuo alipofika, koili ilikuwa kitandani kwa mwenzangu, akasema ni yake peke yake. Wenzake aliwatoa nje kabla mlezi hajafika.

Mlezi angeweza kumfukuza siku hiyo hiyo. Amesema kwa kuwa nyumba hii inajitawala, nyumba iamue. Jumatano ya tarehe 10 Aprili tutapiga kura, abaki au aondoke. Akitoka hapa hana pa kwenda, Bibi. Ufadhili wake ni wa nyumba hii. Itabidi arudi kwao na masomo yaishie hapo.

Na mimi ndiye mwenyekiti, na ndiye ninayelala naye chumba kimoja, na nina hasira hata sioni. Ile sheria ya jiko aliikubali. Alikaa mbele yangu, nikauliza, akanyamaza. Kama hakutaka si angesema? Kwa nini akubali mchana halafu aivunje nyuma ya kabati?

Hatusemezani. Viatu vyake alikuwa akivipanga kando ya vyangu. Sasa amevigeuza, vinatazama ukuta.

Kasuku wako


Jumapili, 17 Machi

Kwako wewe mwanafunzi unayelala chumba kimoja na mjukuu wangu,

Hunijui, nami sikujui, lakini umenichomea pazia, kwa hiyo tumeshajuana.

Pazia lile nimelishona kwa mkono wangu. Maua yake yalikuwa yamepangwa yakutane kwenye mshono, kazi ambayo vijana wa sasa hawaijui, wao wanaunganisha tu, ua moja kichwa huku miguu kule. Sisemi hivyo ulilie. Nasema ujue.

Mjukuu wangu ana mdomo mpana lakini moyo wake hauna uchafu. Jambo lenu alilileta mbele ya watu, akauliza mwenye neno aseme. Wewe ulikuwapo. Ulinyamaza. Sasa mtu akinyamaza amekubali, na aliyekubali halafu akageuka anatakiwa aombe radhi mbele ya wale wale. Nataka siku ya kikao usimame umwombe radhi mwenyekiti wako kwa kuvunja alichopitisha. Ukifanya hivyo watakuacha ubaki, maana watu wanampenda mtu anayeinama.

Kama una neno, niandikie. Kama huna, usijisumbue, kalamu ni ghali. Nisipopata jibu nitahesabu umekubali.

Na ule chakula. Kasuku hajaniandikia hilo, lakini najua msichana mwenye wasiwasi anavyokula.

Ni mimi bibi yake,
Mwenyekiti wa Washonaji


Jumatano, 27 Machi

Kasuku,

Habari njema. Nilimwandikia Bi Kimya wako. Ndiyo, bila kukuuliza, tangu lini nakuomba ruhusa? Nilimwambia aombe radhi kikaoni, na kama ana neno anijibu. Basi limekuja mara ya kwanza, halina kitu. Limekuja mara ya pili, dereva ananionyesha mikono mitupu. Hakujibu. Maana yake amekubali.

Kwa hiyo tulia. Siku ya kikao atasimama, atasema, mtapiga kura, mambo yatakwisha. Nimewaambia na kina mama hapa. Mkata vitambaa amesema mimi nastahili kupelekwa kwenye mikutano mikubwa ya dunia.

Bibi yako,
Mwenyekiti


Ijumaa, 29 Machi

Bibi yangu shikamoo,

Keti kwanza. Umeketi?

Kati ya wale sita yuko mmoja anayesuka nywele nyumba nzima, tunamwita Msusi. Jumapili aliniita akaniambia kichwa changu ni aibu kwa mwenyekiti, nikae anisuke bure. Kumbe ametumwa. Alipofika katikati ya kichwa, mahali ambapo siwezi tena kunyanyuka nikaondoka, akaanza.

Akaniuliza, "Hivi wewe kwenu, mwenye kiti akikosea mnamwambiaje?"

Nikamwambia tunamwambia amekosea.

"Mbele ya watu?"

"Sasa nyuma ya nani?"

Akacheka, akavuta nywele mpaka macho yangu yakalengwa na machozi. Akasema kwao hakuna mtu anayemwambia mwenye kiti hapana usoni. Ni kumvua nguo hadharani. Jambo likiwa baya, watu wananyamaza, wanatazama chini. Mwenye kiti akikutana na kimya kile, anajua limekataliwa. Analikunja jambo lake taratibu, na kesho yake anamtuma mtu azunguke nyumba kwa nyumba akaulize kulikoni. Ndipo watu wanasema yote, kwa sababu wanamwambia mjumbe.

Akasema, "Siku ile ya jiko tulikukatalia watu sita kwa pamoja. Mimi sijawahi kusikia hapana kubwa namna ile. Tukasubiri umtume mtu. Wewe ukagonga mkasi."

Bibi, nilitaka ardhi inimeze na nywele zangu za nusu kichwa.

Wao walidhani nimesikia na nimewadharau. Mimi nilidhani wamekubali na wamenisaliti. Mwenzangu alisubiri mjumbe wangu siku baada ya siku. Alipoona haji, akasema basi, mtu asiyesikia hapana huwezi kuishi kwa sheria zake. Akanunua koili.

Na sasa barua yako. Iko chini ya mto wake, nimeiona ncha. Hakukujibu kwa sababu ile ile. Bibi, hakukubali. Amekukatalia, kwa heshima zote alizonazo.

Msusi alipomaliza nilikaa nikafikiri. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba anayenyamaza amekubali. Sasa nishike lipi?

Ndipo nikaikumbuka karakana. Usinikasirikie. Nimekulia pale chini ya meza nikiokota vipande vya vitambaa, na sikumbuki siku hata moja mtu alisema neno ulipouliza. Cherehani yako iko dirishani tangu nina akili. Mama wa vifungo anakaa kule mlangoni gizani, kila kifungo anakinyanyua mpaka puani ndiyo aone tundu. Je, yeye alikubali, au alinyamaza?

Nauliza tu.

Kasuku wako


Ijumaa, 5 Aprili

Bibi shikamoo,

Basi limekuja, sina barua. Sijui kimya chako ni cha kwetu au ni cha kwao.

Kikao ni Jumatano. Nimeogopa mpaka naota mkasi. Wa kwetu wengi wanataka aondoke, wanasema sheria ni sheria na moto ni moto. Siwezi kuwaambia wamekosea, ukuta mweusi uko pale wanauona. Lakini nimeomba kitu kimoja na wamekubali kwa midomo yao, nimewauliza mmoja mmoja: siku hiyo mtu hatasema neno lake mwenyewe. Kila mmoja atakwenda kwa mtu wa lugha nyingine, asikilize, halafu kikaoni aseme neno la yule kama anavyolisema yule, mpaka mwenyewe aitikie kwamba ndilo. Ndipo tutapiga kura.

Wajumbe watupu, Bibi. Nyumba nzima wajumbe.

Sijui kama itasaidia. Kama umenuna, nuna, lakini niandikie.

Kasuku


Jumapili, 7 Aprili

Wewe mtoto,

Kimya changu si cha kwenu wala si cha kwao. Nilinuna. Kununa nako ni lugha.

Nimekulea, nimekufuta kamasi, nimekusomesha kwa mguu huu unaokanyaga cherehani, halafu unakaa huko na nywele zako mpya unaniuliza kama wanawake wangu wamenikubali. Barua ile niliitia kabatini. Nikaitoa. Nikairudisha. Jana nikaenda karakana nikasema, kuna mwenye neno kuhusu chochote? Chochote kile. Wote wakatazama chini.

Nilivyoona zile nywele za vichwa vyao zote zinanitazama mimi, mkono wangu ulikataa kushika mkasi. Umeniharibia kazi. Umenifundisha kuogopa kitu nilichokuwa nakipenda.

Sina zaidi la kusema juu ya hilo, bado nalitafuna.

Jumatano usiende na mkasi kwenye meza. Na kama mambo yataharibika, na mwenzako akaondoka, usimwache aondoke viatu vikiwa vimegeuka. Vigeuze wewe.

Pazia jipya nimeanza kulikata. Huyo Msusi mwambie avute kidogo, una ngozi laini ya kichwa tangu mtoto.

Bibi yako


Alhamisi, 11 Aprili

Kwa Bibi wa mwenzangu, shikamoo.

Kiswahili changu ni cha kuazima, nisamehe kikipinda. Mwenzangu alitaka kukisahihisha, nimemkatalia. Ni zoezi langu.

Nakueleza kikao, kwa sababu yeye analala. Amechoka na kulia na kucheka.

Mimi nilipewa kubeba neno lake, na yeye alipewa langu. Tulikaa kitandani kuambiana. Ilikuwa mara ya kwanza kusemezana tangu moto. Alinieleza kwamba akisikia sisi tunacheka ng'ambo ya ukuta, haikuwa kelele tu iliyomzuia kusoma. Aliona kama ameachwa nje. Hilo sikulijua. Nami nikamweleza kwamba ile saa ya kusubiriana ndiyo nyumba yetu, tukifungiwa jiko hatukufungiwa moto, tumefungiwa nje ya nyumbani kwetu.

Kikaoni nilisimama nikasema la kwake. Kwetu si vigumu kusema hapana ya mtu mwingine. Ni yangu ndiyo nzito. Yeye akasimama akasema la kwangu, mpaka lile la koili, kwamba niliogopa na ninajua watu wangeweza kufa. Alilisema vizuri kuliko mimi. Kijana mmoja wa kwenu, aliyetaka niondoke, alibebewa neno lake na Msusi. Msusi akasema, "Mimi niliunguliwa na nyumba nilipokuwa mdogo, sitaki kulala nikinusa moshi." Hakuna aliyekuwa akilijua hilo, hata rafiki zake.

Tukapiga kura kwa mikono, mikono juu, wote wanaona. Nimebaki. Wako waliokataa, na yule kijana ni mmoja wao. Alikataa akinitazama. Baadaye alinisaidia kusugua ukuta. Sijawahi kukataliwa namna hiyo, nadhani nimeipenda.

Jiko sasa liko wazi mpaka saa nne. Baada ya saa mbili hatuimbi. Mwenzangu anahamia kusoma sebuleni, au anakuja kula. Jana nimemwekea sahani.

Mkasi wako hakuna aliyeugonga. Mlango wa jiko una tabia ya kujifunga wenyewe, tumeuweka mkasi chini yake uuzuie.

Sasa jibu la barua yako. Nimechana karatasi nyingi kabla ya hii. Uliniambia niombe radhi kwa kuvunja alichopitisha mwenyekiti. Hapana, Bibi.

Naomba radhi kwa pazia.

Mwenzangu anasema wewe ukiambiwa hapana utanipenda zaidi. Mimi sina hakika, lakini bahasha nimeshaiandika anwani.

Wako kwa heshima,
Bi Kimya
(Kasuku wako hawezi kutunza siri, ameniambia unavyoniita.)


Jumapili, 21 Aprili

Kwenu nyote wawili, Kasuku na Bi Kimya,

Marahaba, kwa zote mlizonitumia na mlizosahau.

Bi Kimya, hapana yako imefika. Nimeisoma nikaketi. Katika umri wangu wote nimekataliwa na mume, na serikali, na magoti, lakini hakuna aliyenikatalia kwa mwandiko mzuri kama ule. Radhi ya pazia nimeipokea. Ile nyingine siidai tena, na usidhani nimekosea kuidai. Nimeiacha tu.

Sasa ya huku.

Nilimtuma Mkata vitambaa. Nilimwambia, zunguka kwa kila mwanamke, nyumba kwa nyumba, ukaulize wana neno gani, na usiniambie nani kasema lipi. Alikwenda kwa kusitasita kama anapelekwa jela. Alirudi mdomo umejaa. Kasuku, walikuwa nayo maneno. Tangu mama yako ana mapengo walikuwa nayo, wameyafungia vifuani kama sindano kwenye mto. Mengine ni upuuzi, eti nakohoa wakati wa redio. Lakini moja lilirudi kutoka kila nyumba. Dirisha.

Nikaitisha kikao. Nikamwaga vifungo mezani, vyeupe na vyeusi. Nikasema, anayetaka cherehani zikae zilivyo atie cheupe kwenye kopo, anayetaka tuzungushane dirishani kwa zamu atie cheusi, nami nitageuka nitazame ukuta. Nikageuka. Nilisikia vifungo vinadondoka kimoja kimoja. Nilijiambia, hivyo vyote ni vyeupe, wananipenda.

Wananipenda, na vilikuwa vyeusi. Kopo zima. Cheupe kilikuwa kimoja, na hicho ni changu.

Nisieleweke vibaya. Sikusema nilikosea. Nimesema wamenishinda, ni vitu viwili. Kiti bado ninacho, nimewauliza na hilo, safari hii kwa midomo, na Mkata vitambaa akasema, "Kaa tu Mama Mwenyekiti, ila kohoa nje." Tumecheka mpaka mtu akatoboa kidole.

Zamu ya kwanza ya dirisha imekwenda kwa mwanamke wa vifungo. Aliketi pale, mwanga umempiga usoni, nikagundua ana macho ya rangi ya asali. Alitunga uzi mara moja, bila kuulamba. Kisha akanitazama akasema, na ndilo neno refu zaidi nililowahi kusikia kwake, "Kumbe huku joto linapita kiasi, ulikuwa unavumiliaje?" Nikamwambia uongozi ni mateso.

Mimi sasa niko mlangoni. Hii barua naiandikia hapo hapo, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka, si mkono, ni kiza. Na pazia lenu nimelimalizia hapa. Maua yamekutana kwenye mshono, hayo siwezi kuyakosa hata nikifumba macho. Lakini pindo la chini limekwenda upande. Msilifumue. Mgeni akiuliza kwa nini pazia limepinda, mwambieni bibi yenu alishindwa kura.

Mnakuja likizo wote wawili. Chumba kipo, godoro lipo, na karakana ina mahali pa mtu wa kuimba, nimeshawauliza wamesema ndiyo. Nijibuni mtafika lini. Mkinyamaza, sitahesabu mmekubali wala mmekataa. Nitapanda basi nije kuwauliza mwenyewe.

Ni mimi bibi yenu,
Mwenyekiti bado